Umeme na Upangaji wa Kristali

Wale kati yetu wanaofundisha fizika huulizwa mara kwa mara: kwa nini kitu hiki hupitisha umeme, na kile hakipitishi? Shaba ya Katanga hupitisha, ubao mkavu hukataa, na somo huishia hapo. Jibu hilo si la uongo, lakini limepunguka. Kitu kile kile, chenye atomu zile zile, chaweza kupitisha umeme kidogo, ao mara sabini zaidi, kufuatana na namna atomu zake zilivyopangwa.

Kwanza tuseme kristali ni nini. Hapo tuna deni kwa padri mmoja wa Ufaransa, René-Just Haüy (1743–1822). Aliona kwamba jiwe la kalsite likivunjika, vipande vyake hurudia umbo lile lile. Mwaka wa 1784 akaandika kwamba kristali imejengwa kwa vipande vidogo mno vya namna moja, safu juu ya safu, kama ukuta wa matofali. (Wanamapinduzi walimfunga mwaka wa 1792, alipotoka akarudia mawe yake.) Kristali njema, basi, ni ukuta ambao safu zake hazikupotoka tangu mwanzo hata mwisho. Kristali mbaya ni vipande vingi vya ukuta vilivyosukumwa pamoja, kila kimoja kimeelekea upande wake.

Sasa tuje kwenye mfano wetu. Mwaka wa 2014 Mircea Dincă na wenzake, wakati ule katika chuo cha MIT huko Marekani, walitangaza kitu kipya cha ukoo unaoitwa polima za koordinasio. Ndani yake mna molekuli za kaboni zenye mikono sita ya nitrojeni. Kila molekuli hushika atomu tatu za nikeli, na kila atomu ya nikeli hushikwa na molekuli mbili. Hivi hutokea karatasi yenye matundu, mfano wa sega la nyuki, nazo karatasi hulaliana moja juu ya ingine.

Walishindilia unga wake ukawa kidonge, wakapima: siemensi 2 kwa sentimeta. Walipouotesha kuwa utando mwembamba, wakapata 40. Kiisha, mwaka wa 2019, waliweza kupima fimbo moja moja ya kristali, ndogo kuliko chembe ya vumbi, nazo zilizo bora zikafika 150. (Msomaji asidhani shaba imeshindwa: shaba safi hufika karibu 600,000.) Nikeli ni ile ile, mikono ni ile ile. Tofauti yatoka wapi?

Tufikiri juu ya katekista anayezunguka vijijini. Ndani ya kila kijiji njia ni safi, lakini kati ya kijiji na kijiji kuna mto, na mtumbwi ni mmoja. Siku nzima yapotea akingoja pwani. Anayehesabu muda wa safari yake atasema njia za nchi ile ni mbovu, kumbe amepima mitumbwi. Elektroni hupatwa na jambo hilo hilo kila mara zinapofika penye mpaka wa kipande na kipande.

Kosa hili si la namba tu, hata tabia yenyewe ya kitu yaweza kufichika. Metali ikipoa hupitisha umeme vizuri zaidi. Silikoni safi ikipoa hupitisha vibaya. Kidonge cha nikeli kilipopozwa, umeme ulipungua, na mtu angeweza kukiweka upande wa silikoni. Lakini hesabu za wanafizika zilikuwa zimesema kwamba ni metali. Fimbo za mwaka wa 2019 zilimaliza shauri: zilipopozwa mpaka kelvin 0.3, umeme uliendelea kupita. Tena kulikuwa na ajabu nyingine. Katika fimbo hizo karatasi zimelala kukingama, kwa hiyo umeme ulikuwa ukivuka toka karatasi hata karatasi, wala si ndani ya karatasi moja, ambamo wengi walidhani ndimo njia yake.

Mbona basi hawatengenezi kristali njema tangu mwanzo? Chumvi ikiganda polepole ndani ya maji, chembe iliyokaa vibaya huachia na kutafuta mahali pake. Lakini mkono wa nitrojeni hushika nikeli kwa nguvu. Ukishika vibaya, hauachii upesi, na kosa hujengewa juu. Na mshiko huo wenye nguvu ndio unaosaidia elektroni kupita! Kwa hiyo inafaa kwenda polepole. Wengine huotesha utando mahali vimiminiko viwili visivyochanganyika vinapokutana, ili molekuli zije kidogo kidogo. Kwa njia hiyo, mwaka wa 2015, wenye elimu wa China walipata utando wa shaba na salfa wenye siemensi 1,580 kwa sentimeta. Hata utando huo ni mkusanyiko wa kristali ndogo nyingi, kwa hiyo ndani ya 1,580 bado mna mitumbwi.