Wimbo unapiga vizuri studio, kwenye simu unapotea: shida mara nyingi ni EQ

Prodyuza chipukizi anakesha na wimbo. Kwenye spika za studio besi inatikisa mlango, na kila aliyemo chumbani anatikisa kichwa. Asubuhi anautuma WhatsApp, anausikiliza kwenye spika ya simu: besi hakuna, na maneno ya msanii hayashikiki. Wimbo ni ule ule.

Mara nyingi chanzo ni namna alivyotumia kifaa ambacho karibu kila programu ya muziki huja nacho, ikwalaiza, ambayo wengi huiita tu EQ.

Sauti yoyote ni mitetemo, na wingi wake kwa sekunde hupimwa kwa Hz. Sikio zima la kijana husikia kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000 hivi. Vitufe vya besi na trebo kwenye sabufa ya nyumbani navyo ni EQ, ila vinapandisha chini yote au juu yote kwa mpigo. EQ ya kwenye kompyuta inachagua zaidi. Kwenye FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyoanza na jina la FruityLoops, EQ inayoitwa Fruity Parametric EQ 2 ina nukta saba. Kila nukta inauliza mambo matatu: uguse masafa gani, kwa desibeli ngapi, na kwa upana gani.

Kosa la wengi ni kupandisha tu. Kiki haisikiki (ngoma ile ya chini, siyo kiki ya mitandaoni), basi inapandishwa. Sasa besi imefunikwa, nayo inapandishwa. Mwisho taa za sauti zinawaka nyekundu na ugomvi uko pale pale, kwa sababu vyote viwili vinagombea nafasi moja, tuseme Hz 60. Dawa ni kukata. Kiki ikiachiwa Hz 60, besi inapunguzwa desibeli 3 hivi hapo hapo, na yenyewe inabaki na nguvu yake kwenye Hz 100. Unaweza pia kugeuza, besi ndiyo ikae chini. Muhimu mmoja ampishe mwenzake.

Kwa sauti ya mwimbaji, chini ya Hz 80 mara nyingi hakuna uimbaji wowote. Kuna feni, kuna lori lililopita barabarani, kuna mguu uliogonga stendi ya maiki. Hapo panakatwa bila huruma. Kati ya Hz 200 na 400 ndipo sauti inapokuwa nzito kama mtu anaimba ndani ya pipa, hasa ikirekodiwa kwenye chumba kidogo chenye kuta tupu. Maneno yenyewe hueleweka zaidi kati ya Hz 2,000 na 5,000, halafu juu ya hapo herufi "s" na "sh" huanza kuchoma masikio. Lakini namba hizi ni za kuanzia tu. Koo hazifanani, maiki hazifanani, ndiyo maana mipangilio ya kunakili kwa mtu mwingine huwa inaangusha.

Kuna mbinu maarufu ya kutafuta ubaya: nukta inapandishwa sana, inafanywa nyembamba, kisha inatembezwa mpaka mahali panapopiga kelele, halafu panakatwa. Inasaidia, ila ina mtego. Ukipandisha desibeli 12, popote pataonekana pabaya. Ni bora sikio liwe limeshalalamika kabla ya mkono kwenda kwenye mausi.

Mtego mwingine ni sauti kubwa. Kitu kikiongezeka hata kidogo, sikio linadhani kimekuwa kizuri. Kwa hiyo baada ya EQ, kiwango kirudishwe sawa na cha mwanzo, kisha EQ izimwe na kuwashwa ndipo ihukumiwe. Na ihukumiwe wimbo wote ukiwa unapiga. Gitaa lililokatwa chini linaweza kusikika jembamba kama waya likiwa peke yake, lakini likiingia kwenye biti likakaa sawasawa.

Turudi kwenye simu. Spika yake ndogo haitoi cha maana chini ya Hz 200 hivi, kwa hiyo kuongeza Hz 50 ili besi isikike kwenye simu ni kazi bure, tena kunakula nafasi ya vitu vingine. Kinachoiokoa besi ni mitetemo yake ya juu, hata ile ya Hz 700 au 1,000. Sikio likiipata hiyo, ubongo unajaza wenyewe sehemu ya chini iliyokosekana.

Hapa EQ ina mpaka wake: inapandisha kilichopo, haiumbi kisichokuwepo. Besi ya 808 iliyo mvumo mtupu haina mitetemo hiyo ya juu, hivyo inahitaji kwanza kukwaruzwa kidogo kwa distosheni. Vivyo hivyo kwa mwangwi wa chumba: ukishaingia kwenye rekodi, hakuna nukta ya kuutoa. Ni kutundika mablanketi mazito ukutani na kurekodi upya.