Je, Wajua? Wanawake Wawili Wanaopendana na Kitendawili cha Mauaji

Msomaji wa riwaya ya upelelezi, awe Kariakoo au Namasakata mkoani Ruvuma, huanza na swali moja: nani kaua? Leo tunaongeza la pili: wanawake wawili wanaopendana wamepewa nafasi gani katika hadithi hizo? Kwa muda mrefu walipewa nafasi ya maiti, ya muuaji au ya mwendawazimu. Kisha mmoja wao akakabidhiwa upelelezi.

Je, wajua kwamba kisa cha namna hii kilimtangulia Dracula? Sheridan Le Fanu wa Ireland alikamilisha Carmilla mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Bram Stoker kutoa Dracula. Katika jimbo la Styria, Austria, wasichana wa vijijini wanakufa mmoja baada ya mwingine, na Laura, binti wa kasri, anapendwa mno na mgeni wao Carmilla. Wanaume wanachunguza, wanagundua kuwa mgeni ni mnyonya damu, wanalifukua kaburi lake na kumkata kichwa. Laura ndiye msimulizi, ila hukumu inapitishwa bila yeye.

Je, wajua kwamba mapenzi yaliwahi kutolewa mahakamani kama ushahidi wa wazimu? Januari 1892, mjini Memphis, Marekani, Alice Mitchell, miaka 19, alimchinja hadharani mpenzi wake Freda Ward, miaka 17. Walikuwa wamepanga kutoroka na kuoana, Alice akiishi kwa jina la kiume, lakini jamaa zao wakawatenganisha. Muuaji alijulikana siku ileile. Kilichochunguzwa ni akili yake, na ile nia ya kumwoa msichana mwenzake ikatajwa kuwa dalili ya ugonjwa. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia humo mwaka 1898.

Je, wajua kwamba muuaji alikuja kuwa bingwa wa riwaya za mauaji? Juni 1954, Christchurch, New Zealand, Pauline Parker, miaka 16, na Juliet Hulme, miaka 15, walimuua mama yake Pauline. Shajara ya Pauline iliwafichua, na mahakamani ukaribu wao ukaelezwa kuwa mapenzi ya jinsia moja. Juliet alilikana hilo hata utu uzimani. Baada ya kukaa gerezani takriban miaka mitano alibadili jina akawa Anne Perry, na tangu 1979 akachapisha riwaya nyingi za upelelezi. Wasomaji hawakujua yeye ni nani hadi 1994, mwaka ambao Peter Jackson alitoa filamu ya kisa hicho, Heavenly Creatures.

Je, wajua kwamba Patricia Highsmith alilificha jina lake? Aliyejulikana kwa riwaya za uhalifu alichapisha The Price of Salt mwaka 1952 kwa jina la Claire Morgan. Humo mpelelezi wa kukodiwa anawafuata Carol na Therese katika safari yao ya gari akinasa sauti zao, ili mume wa Carol apate silaha ya kumnyima mtoto. Hakuna maiti, lakini wapenzi wanawindwa kama wahalifu. Mwishoni hawafi wala hawaachani, jambo lililokuwa adimu mno wakati ule.

Je, wajua kibao kiligeuka lini? Mwaka 1977 M. F. Beal alitoa Angel Dance, yenye mpelelezi mwanamke anayependa wanawake. Mwaka 1984 Katherine V. Forrest akamleta Kate Delafield, askari wa upelelezi wa Los Angeles. Mwaka 1987 Val McDermid wa Scotland akamleta mwandishi wa habari Lindsay Gordon, anayechunguza mauaji katika shule ya bweni ya wasichana huku akimpenda Cordelia. Sasa mwanamke huyo ndiye anayeuliza maswali, na wengine wanajibu.

Je, wajua kuhusu Fingersmith? Katika riwaya hii ya Sarah Waters ya mwaka 2002, Sue anatumwa kumlaghai Maud; wanapendana, kumbe kila mmoja amepangiwa kumuuza mwenzake. Damu inapomwagika, mama mlezi wa Sue anajitwisha kosa na kunyongwa. Park Chan-wook alikihamishia kisa hicho Korea iliyotawaliwa na Japani, na filamu yake The Handmaiden (2016) ikashinda tuzo ya BAFTA.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina wapelelezi wake? Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ilichapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, hakubali mzimu ubebeshwe kosa la binadamu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo.

Na mapenzi ya wanawake je, yameandikwa kwetu? Yameandikwa. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa Jambula Tree, hadithi ya Anyango na Sanyu. Kutokana nayo Wanuri Kahiu alitengeneza Rafiki (2018), filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Ilipigwa marufuku nyumbani, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba, na watu wakafurika sinema za Nairobi.

Je, wajua sheria inavyokoroga upelelezi? Tangu 2004 sheria ya Zanzibar inataja wazi mapenzi ya wanawake kuwa kosa, kifungo hadi miaka mitano. Fikiria basi mshukiwa ambaye usiku wa mauaji alikuwa kwa mpenzi wake. Shahidi wa kumwokoa ni mmoja tu, naye akisema kweli anajitia hatiani. Wasio na hatia wanadanganya polisi, na muuaji anajificha nyuma ya hofu yao.

Je, wajua kwamba hofu hiyo ina makaburi ya kweli? Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya soka ya wanawake, na kuishi bila kuficha kuwa anapenda wanawake, alibakwa na kuuawa KwaThema, Afrika Kusini, Aprili 2008. Wanaume wawili walifungwa, mmoja wao maisha. Mtu aliyeuawa anastahili uchunguzi kamili, hata kama jirani hakuyapenda mapenzi yake.

Mwisho, je, wajua kwamba Ruvuma inangoja riwaya yake? Wayao wa Tunduru huhesabu ukoo upande wa mama, na kwa desturi mume huhamia kwa mke: hapo pana mashamba, wajomba na urithi wa kugombaniwa. Korosho huuzwa mnadani kupitia vyama vya msingi, kwa stakabadhi ghalani: hapo pana karatasi zenye majina, uzito na tarehe, dalili tosha kwa mpelelezi makini. Anayehitajika ni mwandishi atakayempa mwanamke anayependa wanawake kazi ya kutafuta ukweli, na kumfikisha ukurasa wa mwisho akiwa hai, mpenzi wake naye akiwa hai.