Je, Wajua? Ski Ni Mizani

Aliyewahi kupara samaki anaijua siri hii tayari. Pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, samaki anateleza kama sabuni. Kirudishe kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanasimama na kukukwaruza. Sasa geuza ski ya nyika, ule ubao mrefu mwembamba ambao watu wa Norway, Sweden na Finland huvaa mguuni kutembea juu ya theluji. Tazama upande wa chini, katikati, mahali mguu unapokaa. Utakuta magamba yaleyale yamechongwa kwenye plastiki, yote yakielekea nyuma. Ukisukuma mbele yanateleza. Ukirudi nyuma yanagoma.

Lakini magamba yakigusa theluji wakati wote yanakuwa breki. Kinachoyaondoa njiani ni umbo la ski yenyewe. Ilaze sakafuni: ncha ya mbele na ya nyuma zinagusa chini, katikati imeinuka kama tao la mlango. Ukisimama kwa miguu yote miwili, kila ski inabeba nusu ya uzito wako, na tao linabaki limeinuka kidogo. Hapo unateleza juu ya ncha tu. Ukihamishia uzito wote mguu mmoja na kukanyaga kwa nguvu, tao linalala, magamba yanauma theluji, nawe unajisukuma mbele. Nusu ya uzito, teleza. Uzito wote, shika. Ski inakupima hivyo kwa kila hatua, maelfu ya mara katika safari moja.

Ndiyo maana nasema ski ni mizani, na anayeanza akilielewa hilo ataokoa pesa nyingi. Mizani ya kilo 90 haimfai mwenye kilo 60, hata ingekuwa ya bei mbaya kiasi gani: atakanyaga, tao halitalala, na kila kilima atakipanda kama anayepanda rundo la mchanga, hatua moja mbele, nusu nyuma. Mwenye kilo 90 naye akivaa ski laini ya mtu mwepesi, magamba yatakokota njia nzima na atachoka bure. Zamani watu walichagua ski kwa kuinua mkono juu na kuona kama ncha inafika kifundoni. Urefu wa mtu bado unasaidia, ila uzito ndio unaoamua.

Kipimo chake ni karatasi moja ya kuandikia. Weka jozi ya ski kwenye sakafu ngumu iliyonyooka, simama juu yake pale viatu vinapofungwa, mwenzako apitishe karatasi chini ya miguu yako. Ukiwa umesimama kwa miguu yote miwili, karatasi iende mbele na nyuma bila kukwama. Ukihamia mguu mmoja, karatasi ya chini ya mguu huo ibanwe isitoke. Isipobanwa, ski ni ngumu mno kwako. Ikibanwa hata ukiwa umesimama kwa miguu miwili, ni laini mno. Jozi ya mtumba ikifaulu mtihani huu inashinda jozi mpya dukani iliyofeli.

Mtumba katika mchezo huu una historia ndefu kuliko duka lolote. Mwaka 1924, huko Kalvträsk kaskazini mwa Sweden, ziliibuliwa ski za mbao zenye umri wa miaka ipatayo 5,200. Norway nako, barafu ya mlima Digervarden ilipoyeyuka mwaka 2014, ilitoa ski moja ya miaka kama 1,300 iliyopita, ikiwa bado na sehemu ya kufungia mguu. Mwaka 2021 mwenzake akapatikana hatua chache kutoka hapo, urefu sentimita 187. Wataalamu walipoziweka pamoja waliona kwamba hazifanani sawasawa, na kwamba zilikuwa zimechakaa na kutengenezwa tena. Mwindaji au msafiri yule wa kale alivaa jozi ya kuungaunga, akapanda nayo mlimani. Asione haya basi mtu wa leo anayeanza na ski iliyotumika.

Mbao zilitawala mpaka miaka ya 1970. Kwenye mashindano ya dunia ya Falun, Sweden, mwaka 1974, ski za plastiki na nyuzi za kioo zilionyesha kasi ambayo mbao hazikuiweza, na ndani ya miaka michache mbao zikaachwa. Leo ski za mbao huuzwa rahisi kwenye masoko ya vitu vya zamani. Ni nzuri kwa macho, lakini zinadai kupakwa lami ya msonobari na kutunzwa kama mtumbwi. Anayeanza azipite.

Hata hizo za plastiki si za aina moja. Kuna za magamba, kuna zenye utepe wa manyoya ya mbuzi wa Angora katikati, na kuna za nta. Za nta zinahitaji usome theluji: nta ya kijani kwa baridi kali, ya buluu baridi ikipungua, nyekundu joto likikaribia sifuri. Ni elimu tamu, lakini ni ya baadaye. Magamba na manyoya hayakudai chochote asubuhi zaidi ya kuvaa na kwenda. Ukikutana na makopo ya zamani ya nta yenye florini, usinunue. Shirikisho la kimataifa la ski liliipiga marufuku kwenye mashindano kuanzia msimu wa 2023/24, kwa sababu kemikali zake haziozi na hudumu majini na ardhini. Jihadhari pia na ski fupi, ngumu, zisizo na magamba wala manyoya, ambazo huendeshwa kwa kusukuma pembeni kama anayevaa viatu vya magurudumu. Nazo huitwa ski za nyika, lakini si za kuanzia.

Pesa ikitosha kitu kimoja kipya, kiwe viatu. Mguu ukiuma, ski nzuri haina maana. Tena viatu ndivyo vinavyoamua ski utakayoweza kuvaa, kwa sababu ncha ya kiatu hushikwa na kifungio kilichopigiliwa kwenye ski, na vifungio vina koo zake. Mwaka 1927 Mnorwe Bror With alibuni kifungio chenye pini tatu zinazoingia kwenye matundu ya soli, kikaitwa Rottefella, yaani mtego wa panya. Viatu vyake vina mdomo bapa kama wa bata, na bado vipo sokoni. Viatu vya kisasa vya ukoo wa NNN vina mifereji miwili membamba chini ya soli. Vifungio vya Prolink na Turnamic navyo huvipokea. Viatu vya SNS Profil vina mfereji mmoja mpana, na vinaendelea kutoweka madukani. Usinunue ski leo na viatu kesho bila kuvikutanisha. Na kiatu cha zamani kikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji: soli za miaka mingi hukauka na kumeguka kama biskuti, hata kama ngozi ya juu inang'aa.

Aliyezoea kuchambua mitumba kwenye masoko ya Gikomba au Karume ana jicho tayari. Tazama ncha zote mbili za ski kama matabaka yameachana. Tikisa kifungio uone kama skrubu zinacheza. Pitisha kidole gumba kwenye magamba kutoka nyuma kwenda mbele, yasipokukwaruza yamelika. Mikwaruzo midogo ya chini si kitu. Fimbo zinatosha zikifika kwapani, na za alumini zinafaa kabisa. Nguo za kukimbilia ulizonazo zinatosha pia, mradi za ndani ziwe za sufu au za michezo, kwa maana pamba hunywa jasho na kukugandisha ukisimama.

Tena huenda usilazimike kununua kabisa. Mwaka 2013, katika mji mdogo wa Deje nchini Sweden, ilianzishwa Fritidsbanken, maktaba ya vifaa vya michezo. Watu huleta vitu wasivyovitumia, na yeyote huazima bure kwa siku 14. Leo ina matawi nchi nzima, na Norway ina mtandao wa namna hiyo uitwao BUA. Naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi na kwingineko, zimehamia nchi hizo, na huko shule hutenga siku za ski. Karatasi ya shule inapofika nyumbani ikisema mtoto alete ski zake, asiwepo mtoto wa kusingizia ugonjwa kwa sababu mama hana pesa.

Na vifaa havikimbii vyenyewe. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, alikwenda Finland mwaka 1996 kujifunza ski akiwa na mdhamini mkubwa. Mwaka 1998 aliingia mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano, Japani. Mapafu alikuwa nayo, vifaa alikuwa navyo. Kilichobaki ni miaka juu ya theluji. Mnorwe Bjørn Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na ushei. Boit alifika wa 92, wa mwisho, dakika 20 baadaye, na Dæhlie alikuwa bado amesimama kwenye mstari akimsubiri. Walikumbatiana, na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Bingwa yule alijua thamani ya kilomita 10 kwa mtu ambaye juzijuzi tu ski yake ilikuwa bado haijamzoea.

Basi msimu wa kwanza azima, na pesa yako ilale. Majira ya kuchipua yakifika na theluji ikianza kulainika, watu hupunguza vitu stoo na bei hushuka. Nenda sokoni siku hiyo ukiujua uzito wako, ukiwa umevaa soksi nene, na karatasi moja imekunjwa mfukoni.