Shamba Linalojilinda

Nondo jike hutambua kwa harufu mahali pa kutaga mayai. Viwavi wake hutoboa mabua, na mkulima akaambulia mahindi machache. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE huko Mbita, Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliigeuza harufu hiyo kuwa silaha. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, inayomfukuza nondo. Pembezoni mwa shamba, mabingobingo, yanayomvuta. Humo hutaga, lakini utomvu unaonata huwanasa viwavi wengi wangali wachanga. Tena, jambo ambalo halikutazamiwa, mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, gugu linalofyonza mahindi. Mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe. Wengi hukwama kwenye mbegu ya desmodiamu: ni ghali, na haipatikani kwa urahisi.