Bata Muzinga: kwa Mafuta ao bila Mafuta?

Katika inchi ya Marekani watu wengi hula bata muzinga siku ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya ine ya mwezi wa 11. Wengine humukaanga muzima. Sufuria kubwa huwekwa inje juu ya moto wa gesi, na ndani yake litri 11 ao zaidi za mafuta ya karanga, yenye joto la digri 175. Nyama ya kilo 5 inaiva kwa dakika 40 hivi. Sikatai, ni tamu.

Lakini angalia hatari yake. Nyama iliyotoka katika barafu ingali na maji ndani. Maji hayo yakiguswa na mafuta ya moto yanageuka mvuke mara moja, nao unataka nafasi kupita maji mara 1,700. Mafuta yanapanda, yanamwagika juu ya moto, yanawaka. Hivi nyumba zimeteketea.

Sasa kuna chombo kingine: pipa la chuma. Gesi inapasha ukuta wake, na joto la ukuta linaivisha nyama. Hakuna mafuta ya kumwagika. Kweli, huku ni kuoka kuliko kukaanga, na kilo 5 zinataka saa moja na nusu hivi. Penye watoto, mimi ningechagua pipa.

Kwa vyombo vyote viwili, nyama ya ndani ifike digri 74. Mafuta yakiwaka, usiyamwagie maji hata kidogo. Mutu akiungua, mumwagie maji safi ya baridi dakika 20, wala musimupake siagi ao majivu.