Nozeli Ipimwe Kwanza, Ndipo Ibadilishwe

Biashara ya spea na gereji za Kigali, kuanzia Gatsata hadi vitongoji vya pembezoni, haikosi bidhaa wala mafundi. Inachokosa ni utaratibu. Gari dogo la zamani likianza kutetemeka kwenye silensa, kumisi mlimani au kula mafuta kupita kiasi, mwenye gari huelekezwa dukani akanunue nozeli ya kunyunyizia mafuta kwenye injini kabla hajajua kama iliyomo imekufa. Desturi hiyo sasa ina gharama isiyobebeka. Julai 2025 mamlaka ya udhibiti wa huduma, RURA, ilipandisha bei ya petroli kutoka faranga 1,633 hadi 1,803 kwa lita, na mwaka huohuo mamlaka ya mazingira, REMA, ilianza kupima moshi wa magari katika ukaguzi. Kwa hiyo gereji itakayojifunza kuuza kipimo kwanza na spea baadaye ndiyo itakayobaki na wateja.

Kazi huanzia kwenye kuitambua nozeli yenyewe, na hapa Kigali si sawa na majirani zake wa mashariki. Rwanda huendesha kulia, hivyo magari yake mengi ya mtumba yana usukani wa kushoto na yalitengenezwa kwa masoko ya Ulaya na Ghuba, si Japani kama yale yanayojaza Mombasa na Dar es Salaam. Corolla ya miaka ya 2000 iliyouzwa Ulaya huweza kuwa na injini ya 4ZZ-FE ya lita 1.4, ilhali dada yake wa Nairobi ana 1NZ-FE ya lita 1.5. Kuomba “nozeli ya Corolla” dukani ni kubahatisha. Jibu limeandikwa kwenye kiwiliwili cha nozeli: namba za Toyota huanza na 23250 au 23209, na nyingi za Bosch za petroli huanza na 0 280. Rangi na umbo la plagi ya waya havitoshi, maana nozeli mbili zinazofanana kwa macho huweza kumwaga kiasi tofauti cha mafuta. Mita ya umeme nayo isiachwe kabatini. Nozeli nyingi za magari madogo husoma kati ya omu 12 na 16. Ikisoma omu mbili au tatu, hiyo ni ya mfumo mwingine, na kuifunga kwa nguvu kunaweza kuunguza kompyuta ya injini.

Tofauti hizo ndogo zina uzito kwa sababu ya namna mfumo unavyofanya kazi. Nozeli ni vali ya umeme inayofunguka kwa milisekunde chache, ikimwaga mafuta yenye shinikizo la takriban bari tatu. Katika injini nyingi za silinda nne, sensa moja ya oksijeni husoma moshi wa silinda zote kwa pamoja. Nozeli moja ikiziba, sensa huona hewa imezidi, na kompyuta huongeza mafuta kwa zote nne. Tatu zilizokuwa nzima huanza kumwaga kupita kiasi. Kuchomeka nozeli moja ya mtumba yenye mtiririko tofauti huzaa ugonjwa uleule. Ndiyo maana seti nzima hupimwa pamoja kwenye mashine: zote nne hupewa shinikizo moja na muda mmoja, kila moja ikimwaga katika mrija wake wa kioo. Fundi huona kwa macho ipi imebaki chini, ipi inatoa mchirizi badala ya ukungu, ipi inavuja ikiwa imefungwa. Baada ya kuoshwa kwa mawimbi ya sauti, kichujio kidogo cha mahali mafuta yanapoingilia na oringi hubadilishwa, oringi mpya hupakwa mafuta kidogo zisikatike, kisha seti hupimwa tena.

Wapo watakaosema nozeli ya mtumba ni rahisi kuliko huduma yote hiyo. Ni rahisi siku ya kununua tu: nayo imetembea miaka isiyojulikana, na tatizo likiwa plagi, koili, pampu au chujio la mafuta, fedha imepotea bure. Dawa ya kumimina tangini husaidia uchafu mwepesi, lakini haifufui koili ya nozeli iliyokatika wala haizibi oringi inayovuja. Pingamizi zito zaidi ni la umeme: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa kuwa za umeme, basi kwa nini kuwekeza kwenye mashine ya petroli? Ni kwa sababu gari la familia halibadilishwi kwa kasi ya pikipiki, na magari ya haibridi yanayoingia nchini nayo yana nozeli za petroli.

Mashine ya kupimia ni ghali kwa gereji ndogo, lakini gereji kumi zinaweza kupeleka kazi kwenye benchi moja, kama zinavyopeleka silinda hedi kwa mchongaji. Mteja apewe karatasi yenye namba ya nozeli, omu zake na mtiririko wake kabla na baada ya kuoshwa. Karatasi hiyo itamwonyesha fedha yake imekwenda wapi, na itamlinda fundi mwaminifu dhidi ya yule anayeuza kwa kukisia.