Kisu hakikumaliza kila kitu: Yale unafaa kujua kuhusu kinembe

KUTOKA Homa Bay hadi Kehancha ni safari ya saa chache tu kwa matatu. Unapita Rongo, unapita Migori mjini, kisha unaingia Kuria.

Lakini kwa msichana, hizo ni dunia mbili. Waluo hawakeketi. Zamani, alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno ya chini. Wakuria nao wamepasha tohara wavulana na wasichana kwa vizazi vingi, hasa likizo ya Desemba, na asiyekatwa huitwa mosagane, jina la kumdhalilisha.

Siku hizi vijana wa pande hizi mbili wanasoma pamoja, wanapendana na kuoana. Hapo ndipo swali huzuka. Vijana wa kiume huliuliza kwa kicheko: aliyekatwa huhisi kitu kweli? Msichana mwenyewe hujiuliza peke yake, usiku, bila wa kumjibu.

Basi hebu tuulize sayansi.

Kwa miaka mingi, vitabu vya udaktari vilionyesha kinembe kama kipunje tu. Mwaka wa 1998, Helen O'Connell, daktari mpasuaji wa Australia, alionyesha kwamba kinachoonekana nje ni ncha tu. Sehemu kubwa ya kiungo hicho imejificha ndani, ikiwa na matawi yanayozunguka njia ya mkojo na uke.

Mnamo 2022, Blair Peters na wenzake wa Oregon, Marekani, walihesabu nyuzi za neva zinazohudumia kinembe cha binadamu. Walipata zaidi ya 10,000. Ile hesabu ya 8,000 iliyokuwa ikirudiwa kila mahali inasemekana ilitokana na utafiti wa ng'ombe! Yaani mwili wa mwanamke ulikuwa ukielezwa kwa kupima mifugo.

Hii ina maana gani kwa binti wa Kuria?

Kwanza, hakuna kitu kama "kukatwa kidogo tu". Ncha hiyo imejaa neva, na kovu lake linaweza kuleta maumivu ya miaka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, uligundua kuwa kadiri ukataji ulivyokuwa mkubwa ndivyo hatari wakati wa kujifungua ilivyozidi.

Pili, na hili ndilo wengi hawaambiwi: kilichobaki ndani bado kiko hai. Lucrezia Catania na wenzake walipowahoji wanawake waliokeketwa nchini Italia, wengi walisema wanafika kileleni. Si wote, na wengine huumia sana. Lakini kusema aliyekatwa "amekwisha" ni uongo.

Kwa hivyo kama wewe ni mpenzi wake, punguza haraka na maswali ya kejeli. Muulize anachopenda na kinachomuuma. Akisema basi, ni basi.

Na kama ni wewe uliyekatwa, maumivu wakati wa tendo, wa kukojoa au wa hedhi si ya kuvumilia. Mwone daktari au muuguzi na umwambie wazi kuwa ulikeketwa, maana makovu na uvimbe hutibika. Huzuni na woga pia vina tiba, kwa ushauri nasaha.

Takwimu zinatia moyo. Mwaka wa 1998, asilimia 38 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 15.

Sheria ya 2011 inamfunga mkeketaji miaka isiyopungua mitatu, au faini isiyopungua Sh200,000. Kumvusha msichana hadi Tanzania akakatwe huko pia ni kosa. Hata kumkejeli asiyekatwa, au mwanamume aliyemwoa, kunaweza kukupeleka jela miezi sita.

Ukijua msichana anayeandaliwa Desemba hii, piga 116 au 1195. Ni bure. Usingoje ngoma zianze.